Mtego wa Panya na Wasiokuwamo

Wahenga walinena kwamba mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Methali hii hutumiwa sana na walimu wa Kiswahili darasani, na kwa kawaida tunaifafanua kwa mfano wa msako ambapo mwenye hatia na asiye na hatia hukamatwa pamoja. Leo nataka kuirudisha methali hiyo nyumbani kwake ilikozaliwa, yaani kwenye nyumba yenye panya, mtego na chambo. Naamini kwamba wengi wetu, wasomi kwa wasiosoma, tumeisahau maana yake ya awali, na usahaulifu huo unatugharimu.

Ninaishi Moi's Bridge, mji mdogo ulio kati ya Eldoret na Kitale, ambao wakati wa ukoloni uliitwa Hoey's Bridge kwa jina la mlowezi aliyejenga daraja juu ya Mto Nzoia. Hili ni eneo la mahindi. Mahindi yakishavunwa, mashamba hubaki matupu na kila nyumba hugeuka ghala. Magunia hupangwa jikoni, sebuleni na hata chini ya vitanda, yakingojea bei ipande. Panya naye, ambaye shambani hana tena chakula wala maficho, huyafuata mahindi hadi tulikoyapeleka. Kwa hiyo ndio msimu ambao wachuuzi huzunguka sokoni na vipaza sauti wakitangaza dawa ya panya, mende na kunguni, na wateja hawawapungukii.

Jioni moja baada ya mavuno, jirani yangu, mama mzee anayemlea mjukuu wake wa miaka mitatu, alinijia mbio huku amempakata mtoto huyo.

"Daktari! Daktari, nisaidie! Mtoto amekula dawa ya panya!"

Hapa mtaani watu huniita daktari kwa kuwa nina shahada ya uzamifu. Shahada hiyo ni ya isimu. Kwa miaka mingi jina hilo lilikuwa likinifurahisha, lakini jioni ile lilinitia aibu, kwani mama yule alikimbilia mlango wangu badala ya kukimbilia barabarani kutafuta gari.

"Mama, ni dawa gani?" nikamwuliza.

"Ni ile ya panya tu, mwanangu. Ile ya sokoni."

Tulipofika hospitalini, mhudumu wa afya aliuliza swali lile lile. Tulimwonyesha kikaratasi kilichokunjwa, ndani yake mkiwa na punje chache za rangi ya waridi. Hapakuwa na jina la sumu, jina la mtengenezaji wala neno lolote. Mhudumu akakitazama kikaratasi, akamtazama mtoto, kisha akatueleza jambo ambalo sijalisahau. Alisema kwamba kama sumu ile ni ya kuzuia damu kuganda, tiba yake ni vitamini K, na dalili zaweza kuchukua siku kadhaa kujitokeza. Kama ni sumu ya wadudu wa mashambani ambayo wachuuzi huiuza kuwa ya panya, hatari yake huja upesi na tiba yake ni nyingine, atropini. Na kama ni fosfidi ya zinki, ambayo hutoa gesi yenye sumu ikikutana na asidi ya tumbo, basi haina kiuasumu, na kazi ya hospitali ni kumtegemeza mgonjwa tu. "Nipeni jina," alisema, "nami nitajua pa kuanzia."

Nilikuwa daktari wa maneno, na neno moja lililohitajika sikuwa nalo.

Mtoto alilazwa siku nne, akapimwa damu mara kwa mara, na kwa rehema za Mungu akapona. Inaelekea alikuwa ameonja punje chache tu. Kuku wanne wa nyanya yake hawakupona, wala paka wake. Ama panya, usiku ule niliporudi nyumbani niliwasikia wakikimbizana darini kama kwamba hakuna lililotokea. Mtego uliwaingia wasiokuwamo, na waliokuwamo wakabaki wakila mahindi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza maswali mawili. La kwanza ni la taaluma yangu: kwa nini tunaiita sumu kwa jina la dawa? La pili ni la kila mwenye nyumba: kwa nini chambo kile kilimpata kila kiumbe isipokuwa panya?

Tuanze na la kwanza. Katika Kiswahili, dawa ya macho huyafaa macho, dawa ya kikohozi hukiondoa kikohozi, dawa ya mtoto hupewa mtoto anywe, na dawa ya panya humwua panya. Muundo ni ule ule: nomino, kisha a-unganifu, kisha nomino nyingine. Sarufi haituambii ni nani anayefaidika na ni nani anayeangamia. Sisi watu wazima tunatambua kwa sababu tunaujua ulimwengu. Mtoto wa miaka mitatu hana ujuzi huo. Anachojua ni kwamba dawa ni kitu anachopewa na nyanya yake akiwa mgonjwa, na mara nyingi ni kitamu na kina rangi ya kupendeza. Sidai kwamba neno peke yake ndilo lililomponza. Punje zile zingeweza kumvutia hata bila ya jina. Lakini neno dawa halikumwonya, wala halikumwonya nyanya yake aiweke mbali. Neno sumu lingewaonya wote wawili. Lugha imetupa maneno mawili, na tumechagua lile linalotupumbaza.

Historia ya sumu yenyewe inathibitisha kwamba tofauti ya dawa na sumu si jambo dogo. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Marekani na Kanada walikuwa wakifa kwa kuvuja damu baada ya kula majani makavu yaliyooza. Mtaalamu wa kemia Karl Paul Link na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walikitambua kiini cha maafa hayo, na kutokana na utafiti huo ikapatikana warfarini, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1948 kama sumu ya panya. Mwaka wa 1954 kemikali hiyo hiyo ikaidhinishwa kwa matibabu ya binadamu, na hadi leo wapo wagonjwa wanaoimeza ili damu isigande ndani ya mishipa yao. Ni kitu kimoja. Kinachokifanya kiwe dawa ni kipimo, maelekezo na jina lililoandikwa juu ya chupa. Ondoa hayo matatu, na kinachobaki ni kikaratasi cha punje za waridi.

Sasa tulijibu swali la pili. Mwenye nyumba anapomtegea panya hufikiri kwamba anapambana na kiumbe mlafi na mjinga. Kwa hakika panya si mjinga hata kidogo. Huogopa kitu kipya kinachowekwa katika njia yake, na akikutana na chakula asichokijua huonja kidogo tu, kisha hungoja. Panya hawezi kutapika, na kwa hiyo tahadhari ndiyo ngao yake. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia wa Marekani, John Garcia, alionyesha kwamba panya huunganisha ladha ya chakula na ugonjwa uliofuata, na baadaye hukikwepa chakula hicho. Sumu inayomchoma tumbo upesi, ilhali hakuila ya kutosha kufa, humfundisha somo ambalo hatalisahau. Mtu anayemwaga sumu kali usiku wa kwanza mara nyingi huwaua panya wachache na kuwaelimisha waliobaki.

Anayetilia shaka akili ya panya na atazame Morogoro. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO huwafunza panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini na vilevile kutambua kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia, akagundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100, akatunukiwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka wa 2020, akafa Januari 2022. Ujira wa panya hao ni kipande cha ndizi au njugu. Buku si panya wa darini, lakini funzo ni moja: mnyama huyu hujifunza kwa mdomo. Ukimpa kitu akipendacho kwa utaratibu na subira, atakuja. Ukimpa kwa pupa, atakukimbia.

Chambo bora basi ni kipi? Watu wengi hapa kwetu huchukua mahindi, wakayapaka sumu, wakayaweka kando ya magunia ya mahindi. Hebu tufikiri kidogo. Panya aliyezungukwa na magunia ishirini ya mahindi safi ana haja gani na mahindi yenye harufu ngeni? Mvuvi hamtegi samaki kwa maji. Chambo chapaswa kuwa kile ambacho panya anakipenda lakini hana. Katika nyumba iliyojaa nafaka kavu, kinachokosekana ni unyevu, mafuta na kitoweo. Kipande cha kiazi kitamu kibichi, tunda lililoiva, siagi ya njugu karanga, au omena wawili waliofungwa kwa uzi kwenye mtego ili wasichomolewe, huwa na mvuto kuliko debe zima la mahindi. Panya wa nyumbani huhitaji maji, na ghalani maji ni adimu. Ndiyo maana kipande chenye majimaji humvuta, na ndiyo maana pia mabakuli ya maji ya kuku yanapaswa kufunikwa au kumwagwa usiku. Kwenye nyumba isiyo na nafaka mambo yaweza kugeuka, na mahindi yakawa ndiyo chambo. Hakuna chambo kimoja cha nyumba zote. Anza kwa kutazama panya wako wanakula nini, kisha uwape wasichokuwa nacho.

Jambo la pili ni subira. Weka mtego wenye chambo bila ya kuutega kwa siku tatu au nne, ukigusana na ukuta, kwa maana panya hupenda kupita ambapo masharubu yake yanagusa kitu. Mwache ale na azoee. Akishazoea, itege mitego mingi kwa usiku mmoja. Mitego kumi usiku mmoja ni bora kuliko mtego mmoja kwa siku kumi, kwa kuwa wale wanaoshuhudia hawapati nafasi ya kujifunza. Mtego wa chuma hauna sumu, humwonyesha mwenye nyumba mzoga ulipo, na mtoto akiuchezea ataumia kidole lakini hatapoteza uhai.

Nitaambiwa kwamba haya ni maneno ya mtu mwenye mshahara. Mitego kumi inahitaji fedha, na kikaratasi cha sokoni ni bei ya chai. Hoja hiyo ina uzito na siipuuzi. Mkulima ambaye ada ya shule imo ndani ya magunia yale hawezi kuketi akingoja panya azoee. Mimba ya panya ni ya wiki tatu hivi, na huzaa watoto wengi kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo kila wiki ya kuchelewa ni hasara. Lakini na tupige hesabu yote, tusiishie kwenye bei ya kikaratasi. Jirani yangu aliokoa fedha kidogo sokoni, akalipa nauli ya usiku, gharama za hospitali, kuku wanne na paka. Paka huyo, ambaye labda alikula panya aliyekula sumu, ndiye aliyekuwa mlinzi wake wa bure. Hata bundi, ambaye sisi humfukuza kwa mawe tukidai analeta mkosi, ni mwindaji hodari wa panya. Sumu mpya kama brodifakumu, zilizotengenezwa baada ya panya wa Scotland kugunduliwa mwaka wa 1958 kuwa hawafi tena kwa warfarini, hukaa kwa muda mrefu katika ini la mnyama. Bundi akila panya wa namna hiyo, naye huingia mtegoni. Tukiwaua walinzi, msimu ujao panya watarudi wengi zaidi, nasi tutarudi sokoni.

Sisemi kwamba sumu isitumike kamwe. Penye panya wengi kupita kiasi yaweza kuwa lazima, na katika maeneo yenye tauni, kama Lushoto nchini Tanzania ambako ugonjwa huo ulizuka mwaka wa 1980 na kurudi mara nyingi, kupambana na panya ni jambo la uhai. Hata huko, viroboto hushughulikiwa kwanza, kwa sababu panya akifa kiroboto humhama na kumtafuta binadamu. Ninachosema ni kwamba atakayetumia sumu na anunue iliyosajiliwa na PCPB, bodi ya serikali inayosimamia bidhaa hizi kwa sheria ya mwaka wa 1982, iliyo katika pakiti yenye jina na maelekezo. Aiweke ndani ya kisanduku chenye tundu la panya tu, pasipofikiwa na mkono wa mtoto wala mdomo wa kuku. Azikusanye na kuzizika maiti za panya. Na pakiti aihifadhi. Msiba ukitokea, asimlazimishe mtoto kutapika, wala asidhani kwamba maziwa yataiondoa sumu. Aichukue pakiti ile na kukimbilia hospitali. Ile pakiti ndiyo ulimi wa mtoto asiyeweza kujieleza.

Na kabla ya mtego na sumu, ipo hekima ya wazee. Ghala la jadi liliinuliwa juu ya miguu kwa sababu maalumu. Mguu wa mita moja, uliovishwa faneli ya bati iliyopinduliwa mdomo chini, humzuia panya asipande, mradi pasiwe na tawi la mti au ukuta wa karibu wa kumsaidia. Ndani ya nyumba, tundu linalopitisha kalamu ya risasi hupitisha panya mdogo, na kwa hiyo mapengo yote na yazibwe kwa saruji au wavu wa chuma. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, ili tuone kinachopita nyuma yake. Panya asiyepata pa kujificha wala cha kula hahitaji kutegwa, huhama mwenyewe.

Nawageukia sasa walimu wenzangu na wanafunzi, kwa maana ninyi mna wajibu ambao wachuuzi na wakulima hawana. Katiba ya mwaka wa 2010 inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na vilevile lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi wa lugha haupimwi kwa hotuba za sikukuu. Hupimwa pale ambapo mama mzee anashika pakiti ya sumu na kuweza kusoma, kwa herufi zinazoonekana, kwamba hii ni sumu, inaitwa hivi, na mtu akiila afanyiwe hivi. Walimu, wapeni wanafunzi wenu zoezi la kukusanya pakiti tupu za sumu zilizomo madukani na kuyachunguza maandishi yake, wakiwa wameoshwa mikono na kusimamiwa ipasavyo. Je, yameandikwa Kiswahili? Je, Kiswahili hicho kinaeleweka, au ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu? Watungiwe insha, na insha zilizo bora zipelekwe kwa wenye viwanda na kwa bodi inayohusika. Hilo litakuwa somo la lugha lenye manufaa kuliko kukariri ngeli pasipo kujua zina kazi gani duniani.

Nanyi wanafunzi, mkirudi nyumbani wakati wa likizo, anzeni na jambo dogo. Mkimsikia mtu akisema dawa ya panya, msahihisheni kwa heshima: "Samahani, mama, hiyo ni sumu." Huenda mkachekwa. Mimi pia nilichekwa sokoni nilipomwuliza mchuuzi jina la kile anachouza. Alinijibu, "Mzee, jina la nini? Panya hawasomi."

Ni kweli, panya hawasomi. Lakini panya huonja kabla ya kula, na akiumia hukumbuka. Sisi tunaojua kusoma tunanunua tusichokijua, tunakiweka sakafuni ambapo watoto hutambaa, na msimu ukifika tunanunua tena. Mjukuu wa jirani yangu sasa anacheza uani kama kawaida. Nyanya yake amenunua mitego sita, na omena hutoka jikoni kwangu. Wiki iliyopita aliniita tena kwa sauti kubwa kutoka uani kwake, "Daktari!" Nilitoka mbio moyo ukinidunda. Alikuwa ameushika mkia panya mnene, akitaka nimwone.